Santuri Zilizopigwa Msumeno

Haroun, zima hiyo simu uiweke juu ya friji, na wewe Chausiku acha kunipangia mito, kaa hapo nikuone uso, maana leo pumzi yangu naitumia kwa mpango na sitarudia neno. Mmepanda ndege kutoka Dar kuja huku China kumwona mama yenu, mmekuta mifupa imevaa dera, mmelia chooni mkidhani maji ya bomba yatawafichia, na sasa nasema mimi Mwanahija, nikiwa na akili zangu timamu, zile zile ambazo hakuna mwajiri aliyewahi kuzitaka.

Duka la Kariakoo, nyumba ya Temeke na mzigo wa jinzi ulioko bandarini Nansha, juu ya hayo sina la kuongeza. Mafungu yake yalijulikana kabla sisi hatujazaliwa, na Sheikh Abdulsamad, anayewasalisha Watanzania wa hapa mtaani Xiaobei, atawagawia kama yalivyo. Chausiku, utapata nusu ya kaka yako na utanuna. Nuna kwa adabu.

Yamebaki yale maboksi ya ukutani, ambayo Haroun unayapita umejikunja kana kwamba yana ukurutu.

Jueni yalikotoka. Nilimaliza Mlimani na digrii ya uchumi, upper second, nikaomba kazi wizarani, nikaomba benki, nikaomba kwenye mashirika, kote wakanijibu "we regret to inform you", na viti nilivyonyimwa nikaja kuona vimekaliwa na wapwa zao. Nikachoka kuomba. Nikaja huku kununua chembe za plastiki za kupelekea viwanda vya ndoo na ndara, na laoban mmoja, bosi wa yadi ya taka, akanitembeza ghalani kwake, nikakuta mlima wa CD kutoka Ulaya na Marekani, muziki uliododa madukani, kila santuri imepigwa msumeno ukingoni ili ihesabike taka na isiuzwe tena. Wachambuaji walikuwa wamekaa wanakula wali, na katikati yao kidude cha kupigia kilikuwa kinaimba taka ile ile. Santuri hizi husomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo msumeno ulikuwa umeua wimbo wa mwisho tu. Nyingine zote zilikuwa hai, na aliyezikata hakujua, au alijua na hakujali, kama wale wa wizarani.

Nikaanza kuokota. Nikaokota funk ya ndugu fulani wa Ohio waliorekodi gereji, besi inatangulia na waimbaji wanaikimbiza. Nikaokota vijana wa Kitwe, Zambia, watoto wa wachimba shaba, magitaa yao yanavutika kama redio inayotafuta stesheni, wanachanganya Kibemba na Kiingereza kwenye mstari mmoja wala hawamwombi mtu samahani. Nikaokota wasichana wa punk wa Manchester ambao hawakujua kupiga, wakarekodi hivyo hivyo bila kungoja mtu awape cheti. Hao niliwasikiliza mpaka jirani akaja kugonga ukuta. Albamu hizi zilipotoka hakuna aliyezitaka. Halafu vijana wa hapa Guangzhou wakaziokota kwenye taka kama mimi, wakajifungia vyumbani, wakatoka na bendi zao, na leo wasomi wanaziandikia vitabu. Wasomi wenye kazi, of course.

Sasa, Haroun. Jana nilikusikia koridoni ukimwambia mtu wa taka aje Jumatatu azibebe akazisage. Kabla ya hapo ulikwenda kumuuliza Sheikh, naye akakupa rai yake kwamba vitu vya muziki havihesabiki kuwa mali na havimo kwenye mirathi, ukarudi umechangamka kama umeshinda kesi. Baba, umesoma sheria miaka yote ile na hukuuona mlango uliouacha wazi. Kama si mali, mrithi hana fungu humo, si wewe wala dada yako, na kisicho chako huwezi kukisaga. Umejitoa mwenyewe, nami nimekushukuru kimoyomoyo. Nampa Séphora.

Unauliza Séphora nani, Chausiku? Yule Mkongomani wa chumba cha chini anayesuka nywele, aliyekuwa akiniletea uji wakati ninyi mnanitumia emoji. Kwao Lubumbashi. Kila Jumapili anapiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisa lao, na besi hiyo kajifunzia hapa, kakaa hapo hapo ulipokaa wewe, ananiambia "Maman, remets, remets," niurudishe wimbo mpaka vidole vyake vielewe. Sijawahi kuwa na mtu mwingine wa kusikiliza naye. Haroun, usinikunjie uso. Unasema, "Unampa Mkristo akazipige kanisani." Ndiyo, baba, na anazipiga vizuri, mchungaji wao anadhani ni Roho.

Najua kinachokuuma si plastiki. Unaogopa mama yako ataulizwa kaburini juu ya magitaa, na hofu hiyo naipenda kuliko cheti chako chochote. Ila maswali hayo ni yangu. Nimekaa mbele ya panel za interview mpaka nywele zikabadilika rangi, na majibu nilikuwa nayo. Wewe niombee dua. Usinijibie.

Nipe maji... kidogo, usinimwagie. Basi.

Nizikeni hapa hapa. Waislamu wa mji huu wana makaburi yao, yana miti, nimeyaona. Msinisafirishe kama mzigo, nimesafirisha mizigo ya kutosha, najua inavyotupwa. Nguo zangu awape Chausiku wanaozitaka. Na yule mtu wa taka mpigie leo, mwambie mei you, hakuna tena. Ataelewa, ndilo neno la kwanza mji huu kutufundisha.

Chausiku, Mungu akupe kazi inayokuhitaji wewe, siyo jina la mjomba wako. Haroun... ngoja. Ngoja nivute pumzi.

Haroun, radhi yangu unayo. Nakupa sasa, kabla hujaamua. Ukiyashusha maboksi unayo, ukiyasaga unayo, sikuifunga humo ndani. Ulikuwa mtoto mwepesi kubebwa. Mungu akurahisishie, akukunjulie kifua hicho, akupe watoto watakaokubishia.

Mlango unagongwa. Ni Séphora, nilimwambia aje alasiri. Chausiku kaa, si wewe.

Lifti haifanyi kazi, na yeye maboksi yote hayawezi peke yake... Umesimama, Haroun. Haya. Lile la juu limelowa, lishike kwa chini, litakuachia. Hivyo.

Mfungulie kwanza. Umkaribishe, ana adabu yule.

...Umemwita dada. Nimesikia.