Bi Bomba, Mnunuzi wa Hisa za Mkono wa Pili

Tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, mtoto wa pili kati ya wawili, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Kila nyumba waliyopanga iliuzwa, nao wakafungasha virago. Wanaosema alizaliwa na tamaa ya majengo ya watu wamekosea. Alizaliwa akiyahama.

Alisoma shule ya mtaani, kisha ya bweni, akahitimu uhasibu chuoni mwaka 1984. Mwalimu wake wa hesabu aliwahi kuandika kwenye ripoti, "Hodari, ila mbishi." Baba akawasomea majirani neno la kwanza, akaikunja karatasi.

Alianza kazi benki. Mwaka 1991 akahamia kampuni aliyoitumikia hadi mwisho, na kwa kuwa kazi yake imesemwa sana na wasioijua, ielezwe hapa. Watu huchanga pesa kwenye mfuko, mfuko unanunua majengo, na pesa hufungwa humo miaka kumi. Katikati ya safari mmoja anapatwa na shida, anataka kutoka, na mlango haupo. Marehemu ndiye aliyekuwa mlango. Aliinunua hisa ya huyo anayetoka, kisha akasubiri badala yake. Ndiyo, alinunua kwa bei ya chini. Subira huvuta heri, lakini si kila mtu ana nafasi ya kusubiri, na anayesubiri kwa niaba ya mwingine hasubiri bure.

Hakununua kwa makaratasi matupu. Alipanda hadi ghorofa ya juu kabisa ya kila jengo, akaomba kufungua bomba. "Maji yakifika huku, mwenye jengo bado analijali," alisema. Akainama chini ya masinki kwa viatu vyake vya ofisini, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wenzake wakambatiza Bi Bomba.

Ndivyo alivyompata mume. Ghorofa ya tisa, mwaka 1992, alijitosa katika chumba cha daktari wa meno akaelekea moja kwa moja kwenye sinki.

"Dada, unatafuta jino au maji?"

"Maji. Meno ninayo."

"Basi nionyeshe," akasema daktari, na marehemu akacheka bila kutaka. Walifunga ndoa tarehe 6 Novemba 1993, wakajaliwa binti na mwana.

Sasa lile jambo la wauguzi. Chama cha wauguzi wastaafu kilikwama na hisa kwenye mfuko, na wazee wake walikuwa hawajalipwa mafao yao. Aliinunua. Baada ya miaka miwili jengo likauzwa kwa bei nzuri mno, na mji mzima ukamwita tai anayevizia mizoga. Kaka yake mwenyewe alimwita hivyo mezani, kwa sababu mkewe, wifi wa marehemu, alikuwa mwanachama. Marehemu hakujificha. Alikwenda peke yake kwenye mkutano wao, akasimama mbele.

"Niliwaambia jengo ni zima. Niliwaambia mkiweza kusubiri, subirini. Sikuwaambia?"

Mwenyekiti akainuka kwa fimbo yake. "Alituambia. Sisi ndio tuliosema wazee hawali subira. Na walilipwa wiki ileile."

Wapo walioendelea kumnunia. Hakuwabembeleza, na wala hakuacha kazi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifanya kazi akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akigombana na wauguzi kuhusu simu. Wiki ya mwisho kaka yake aliketi kando ya kitanda akamwambia kwa upole, "Dada, kwenye wasifu tutaandika mfanyabiashara tu. Watu wasipate la kusema."

"Andikeni kazi yangu kwa jina lake," akajibu. "Anayeiona haya atoke nje mkisoma."

Alifariki Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Imewauma sana waliompenda, na hakuna maneno ya kulifunika hilo.

Ameacha mume; mwana, mwalimu; binti, anayesoma wasifu huu, na ambaye Jumatatu ijayo anaanza kazi katika kampuni ileile, kazi ileile, liwalo na liwe; wajukuu wawili; wifi; na kaka, ambaye aliposomewa rasimu hii kabla ya kuchapwa alisema kipande cha kazi kisomwe polepole, watu wote wasikie.

Apumzike kwa amani. Kazi yake haiombewi msamaha.