Mshono wa Nne

Ndani ya basi lipitalo hospitalini, bibi mmoja aliwasikia wawili waliokaa mbele yake: muuza mboga, na fundi cherehani mwenye mimba kubwa.

"Upasuaji wa nne? Mwambie daktari akuwekee zipu, mdogo wangu!"

Fundi alicheka kidogo tu. "Dada, kitambaa kikifumuliwa palepale kila mara, hakishiki uzi tena. Kondo la nyuma limeota ndani ya kovu. Damu ikikataa kukatika watatoa kizazi, au ndiyo basi tena."

"Baba watoto anajua?"

"Anajua ni upasuaji tu. Wiki hii nimemfundisha binti yangu kumsuka mdogo wake."

Basi liliposimama hospitalini, muuza mboga alishuka naye, amembebea mkoba. Kapu lake la sokoni lilibaki kitini, bibi akalipakata.