Hakupenda Bustani, Alipenda Kupiga Mbizi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, yule fundi cherehani. Wasifu mlio nao mikononi umeandikwa na kamati, na ukurasa wa pili unasema dada yetu alipenda bustani. Jamani! Dada yangu hakuwahi kupanda hata kitunguu. Hapo palikuwa na aya kuhusu bahari, na kaka yetu mkubwa, mwenyekiti wa kamati, aliikata kwa kalamu nyekundu, ati watu watasema tulimwacha afe maji. Mnisamehe, mimi nasoma wasifu wa kwanza, ule wa kabla ya kalamu nyekundu.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1962, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na nyumba yetu, akamaliza sekondari mwaka 1980. Alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kufagia. Zamu zake nilifagia mimi, na leo nimemsamehe zote.

Mwaka 1983 aliajiriwa kwenye studio ya picha karibu na ofisi ya uhamiaji, na miaka tisa baadaye ikawa yake. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipiga picha za pasipoti: kaa wima, masikio yaonekane, usicheke. Wengi wenu mlioketi hapa aliwahi kuwakataza kucheka.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, wakajaliwa binti mmoja.

Sasa ile aya. Mwaka 2016, akiwa na miaka hamsini na minne, alinunua miwani ya kupigia mbizi, mrija wa kuvutia hewa na kamera ndogo isiyoingia maji. Siku ya kwanza alielea kifudifudi, akamwona samaki mwenye milia ya njano amesimama mbele yake. Kwa mazoea ya kazi akapaza sauti ndani ya mrija: "Tulia hapo hapo! Usigeuze shingo!" Akanywa maji ya chumvi, akaibuka anakohoa na kucheka, hadi shemeji, aliyekuwa ufukweni ameshika viatu vyake, akadhani amepagawa.

"Mume wangu," akamwambia, "huku chini hakuna anayenisikiliza!"

Sikuwa nimewahi kumwona na furaha ile, na nilimjua tangu nizaliwe. Kuanzia hapo hakushikika. Kila Jumamosi yumo majini, anapiga picha pweza, samaki aina ya taa na matumbawe, kisha anazitundika studio katikati ya sampuli za pasipoti. Mteja mmoja akauliza, "Mama, na huyu pweza anasafiri?"

"Huyo? Wamemkatalia. Hana masikio."

Ndugu walikuja juu. Kaka akaitisha kikao sebuleni kwake: "Mke wa mtu, mtu mzima, unaelea kama gogo mbele za watu! Unatuaibisha."

"Kaka," akamjibu, "lini mara ya mwisho ulifurahi mpaka ukasahau kusema? Mimi ilikuwa juzi. Na kesho kutwa naenda tena."

Akaenda. Na wale mliosema aliingia majini uchi, suruali ile na blauzi ya mikono mirefu nilizishona mimi kwa mkono wangu. Tafuteni lingine la kusema.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alitueleza sote, na kaka ukiwepo: si maji, si baridi, si pepo wa baharini. Mara ya mwisho kuingia majini ilikuwa Januari mwaka huu. Alikuwa hana nguvu, basi shemeji, ambaye maisha yake yote aliogopa maji yasiyo ndani ya bomba, aliingia mpaka kifuani akamshika mkono. Dada alipiga picha kumi na moja. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, kitandani kwake, pakavu. Kaka, narudia: pakavu.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, kaka mmoja na mimi. Ameacha pia picha zaidi ya elfu nne, na kamera aliyomwachia binti yake kwa mdomo wake, nikisikia. Jana kaka aliifungia kabatini, ati isije ikamponza na mtoto. Kaka, nakuheshimu, baba alipoondoka wewe ndiye baba yetu. Lakini ufunguo nimeuchukua leo asubuhi ulipokuwa unaoga. Kamera anayo binti, hapo alipokaa, mkobani. Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, mimi na yeye tunaingia majini. Ndiyo, sijui kuogelea, na ninaogopa sana. Nitajifunza. Atakayetaka kutuzuia, atufuate humo humo.

Dada, pumzika kwa amani. Sisi tunakwenda kulowa.