Jalada la Ng'ombe Juu ya Ukungu

— Elfu sabini kwa karatasi ambayo nusu yake haijaguswa na brashi? Hapana, kaka. Nimeshakupa ishirini na tano. Hiyo ni bei ya ng'ombe. Weupe mimi sikununua.

— Utanipa arobaini na tano iliyobaki, — alisema Anatory, mshipa wa shingo ukimsimama, — la sivyo jalada hili nampa Benadeta afungie maandazi!

— Msiniingize, — alisema Benadeta, akiendelea kumimina kahawa. — Maandazi yangu yana heshima zao.

Hapo ni Ihanda, kijiwe cha Mizani: ubao mrefu juu ya mawe mawili, mbele ya banda la Anatory, fundi wa mabango. Zamani ilining'inia hapo mizani ya kupimia kahawa ya wakulima. Mizani iliondoka, mazoea ya kupima yakabaki. Siku hizi yanapimwa maneno, na hakuna gunia lililowahi kutimiza uzito. Wenyeji wa ubao ule ni wale wale. Yupo Pastory wa bodaboda, wanayemwita Kilomita kwa kuwa hawezi kusimulia hata msiba bila kutaja umbali. Yupo Deodatus, wanayemwita Waziri kwa ajili ya koti lake moja la suti, na kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kukiri kosa. Na yupo Benadeta mwenye birika la kahawa ya kunywa na kikapu kidogo cha amwani, ile kahawa ya kutafuna. Jioni hiyo mvua ilikuwa imekatika, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni taratibu, kama mtu apandaye ngazi peku asije akaamsha watu.

Aliyegoma kulipa ni Nestory, kijana wa Kamuli, mtunzi wa hadithi za picha. Miaka mitatu alikuwa akichora kitabu chake kwa kalamu ya wino, hadithi ya ng'ombe mmoja wa rangi ya udongo, bihogo, aliyetembea juu ya ukungu kutoka kilima hadi kilima. Za ndani alichora mwenyewe. Jalada alimletea Anatory, kwa sababu jalada, kama alivyosema siku ile ya kwanza, halisomwi na macho yaliyo karibu, husomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Maneno hayo yalimwingia Anatory moyoni. Yeye hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa bango la bucha alilopaka akiwa na miaka kumi na tisa: alichora ng'ombe, mbuzi, kisu, mizani, mwenye bucha na mke wake, na wateja wakapita wakidhani ni tangazo la harusi. Tangu hapo bango lake lina kitu kimoja tu, na bei yake ni moja. Hapandishi, hashushi. Hilo jalada lilimla wiki mbili na likamkosesha kazi ya saluni nzima.

— Mimi nauliza kwa uzuri, — alisema Nestory. — Ukuta ukipakwa nusu, fundi analipwa nusu. Sivyo?

— Ndivyo, — alisema Waziri, akinyoosha koti. — Rangi hupimwa kwa mita.

— Huu si ukuta! — Anatory aliinuka, akaikunjua ile karatasi ya manila mbele ya pua zao. — Tazameni. Ng'ombe ni mwekundu. Huku chini pameachwa peupe, ndio ukungu. Jina la kitabu limekaa ndani ya weupe, linapumua. Nikijaza hapa, ng'ombe atasimama juu ya nini? Juu ya rangi zenu?

Kweli, ukiitazama karibu, ilikuwa picha ya kutia shaka. Ng'ombe mmoja, pembe zake ndefu zikifunguka kama mikono ya mtu anayepokea mzigo. Mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, haujatua. Chini kabisa, vipaa vitatu vya bati na ncha za migomba vimechungulia. Kati ya kwato na mabati, hakuna kitu. Karatasi tupu, vilevile ilivyotoka dukani.

— Halafu kuna jambo la amwani, — alisema Anatory. — Siku ya mapatano tulipasua tunda moja. Punje mbili, mimi moja, yeye moja. Benadeta ndiye aliyetoa kikapu. Nadanganya?

— Hudanganyi, — alisema Benadeta. — Na tunda hilo hamkunilipa.

— Watu waliogawana tunda moja hawadhulumiani, — alisema Anatory. — Hata babu zetu walijua hilo, na hawakuwa na risiti.

Nestory akainamisha uso.

— Mimi sikutafuna, — alisema.

— Ulifanyaje?

— Niliitia mfukoni.

Ubao mzima ukaguna. Kilomita alikaribia kumwaga kahawa.

— Nimeendesha pikipiki toka hapa hadi Murongo mpakani na kurudi mara zisizohesabika, — alisema, — sijawahi kukutana na mtu aliyetia mapatano mfukoni! Hiyo ni sawa na kupanda pikipiki ukaacha mguu mmoja chini.

— Kutafuna si lazima kuwe siku hiyo hiyo, — alisema Waziri. — Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Wahenga hawakusema hivyo kuhusu madeni, Waziri!

— Walisema kuhusu kila kitu. Ndiyo maana ni wahenga.

Benadeta aliwaongezea kahawa ili wanyamaze, na kama kawaida ndiyo ikawafungua vinywa. Waziri alisema ugomvi unamalizika kwa urahisi: Anatory ajaze weupe, Nestory ajaze deni, kila mtu aende zake.

— Ng'ombe haelemewi na nunduye, — alisema Waziri. — Maana yake ongeza mizigo. Weka mchungaji, weka mama yake mchungaji, weka mwizi, weka mtemi. Na namba ya simu ya mtunzi. Mtu akinunua kitabu apate ukoo mzima.

— Ng'ombe wa huku hatambi kwa nundu, anatamba kwa pembe, — alisema Anatory. — Na ukiweka watu wote mlangoni, nani atabaki ndani kumkaribisha mgeni?

— Weka bodaboda, — alisema Kilomita. — Nasema kama mtaalamu. Pale Murongo mtu hanunui kitu kisichokuwa na mwendo. Ng'ombe apande nyuma, miguu ya mbele mabegani kwa dereva, pembe zikate upepo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza!

— Basi wewe unayejitembeza kutwa nzima ndiye kibaya, — alisema Benadeta.

— Mimi natembeza wenzangu, mama. Ni tofauti.

— Na huyo ng'ombe atavukaje mpaka? — Waziri sasa alikuwa amepamba moto. — Mmefikiria? Jalada likiwa zuri mno, ng'ombe akaonekana mzima mzima, watu wa ushuru watadai kibali cha mifugo. Kitabu kimoja, ng'ombe mmoja. Ukipeleka vitabu mia tano, hilo ni kundi! Lazima liogeshwe.

— Bora achorwe mbaya kidogo, — alikubali Kilomita.

— Au jalada liwe kubwa kama blanketi. Msomaji akimaliza, anajifunika. Akilala, anaota ile hadithi upya, bure, bila kununua cha pili.

— Hapo mtunzi amepata hasara.

— Ndiyo sababu iwekwe namba ya simu!

Benadeta alicheka, akafuta mikono kwa kanga. Alisema kama ni yeye, angetoa hata ng'ombe. Jalada lingekuwa jeupe lote, kwa sababu kila mtu ana ng'ombe wake aliyepotea, na angemwona mwenyewe humo.

Walimcheka, ila si kwa sauti kubwa.

Anatory alikuwa amechoka. Hasira yake haikuwa ya elfu arobaini na tano peke yake, ingawa alizitaka, na zote. Kilichomchoma ni kuona kwamba hakuna hata mmoja aliyeitazama picha kutoka mahali pake. Picha ya kutazamwa ng'ambo wameikunjua mapajani kama mboga za kuchambua. Akainyakua, akachukua nyundo na misumari minne, akavuka barabara hadi ukuta mweupe wa stoo ya kahawa iliyofungwa, akaigongelea hapo kwa urefu wa kichwa. Akarudi akihesabu hatua kwa sauti.

— Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Sasa fumbeni macho nusu. Mkiona nusu picha, sidai hata senti.

Walifumba macho nusu. Kilomita akafumba yote, akafikiri ndiyo sharti.

Na ukungu nao ukafika. Ulikuja kutoka mashambani, ukapita katikati ya migomba, ukaingia barabarani bila kuomba njia. Uliyafuta kwanza magurudumu ya pikipiki ya Kilomita, kisha mlango wa stoo, kisha ukuta. Kingo za ile manila zikapotea. Weupe wa karatasi ukashikana na weupe wa ukungu, usijue kipi kimenunuliwa dukani na kipi kimetoka bondeni. Akabaki ng'ombe tu. Mwekundu, peke yake, hewani, mguu mmoja umeinuliwa, pembe zimefunguka. Kwa muda alionekana kama anapumua. Chini ya kwato herufi za jina la kitabu zilielea kama vipande vya mti juu ya maji.

Kahawa ilipoa vikombeni. Hata Waziri alivua kofia, akaishika kifuani, halafu akashangaa kwa nini ameishika.

Kengele ya baiskeli ililia ndani ya ukungu, breki zikakwaruza.

— Shikamooni! — ilisema sauti ya mwanamke. — Mwondoeni barabarani, atagongwa! Ni wa nani yule bihogo?

— Marahaba, — alijibu Benadeta. — Waitu, ndugu yetu, sogea, usiogope. Ni wa karatasi.

Alitokea dada mrefu, dumu la maziwa limefungwa nyuma ya baiskeli. Alisema anaitwa Ayebare, anatoka kwa wafugaji wa mbugani, amepeleka maziwa akachelewa. Alipoambiwa ni jalada la kitabu hakucheka. Aliegemeza baiskeli kwenye ubao, akavuka, akasimama mbele ya picha muda ambao mtu huwa anamtazama ng'ombe kabla ya kutaja bei. Akainua mkono, akafuata mstari wa mgongo bila kugusa, hadi sikioni.

Kisha akageuka.

— Anakwenda au anarudi?

— Anakwenda, — alisema Waziri. — Kichwa kiko mbele.

— Mguu haujatua. Na sikio limegeukia nyuma. Ng'ombe akiitwa hugeuza sikio kwanza, mguu hubaki hewani akifikiri. Nauliza tu. Anakwenda au anarudi?

Kilomita alitafuta umbali wa kutaja, akaukosa. Wote wakamgeukia Anatory, naye akashtuka kwa sababu hakujua. Sikio lile alilichora siku ya mwisho, mkono ukienda wenyewe. Alikuwa amelipenda, basi. Hakujiuliza nani alikuwa akiita.

Akamgeukia Nestory.

— Kitabu ni chako. Mjibu dada.

Nestory alikuwa anautazama ukungu.

— Sijui, — alisema.

— Hujui vipi?

— Kitabu kinaishia ukurasa wa thelathini na moja. Amefika katikati ya bonde. Hapo ndipo nilipoacha kusikia kengele yake. Alikuwa wa mama. Bihogo wa kweli. Ukungu ulishuka, mimi ndiye niliyeshika fimbo, nikamsikia anakwenda, anakwenda, kisha kimya. Huwa namwota kila masika. Haniambii.

— Ndiyo maana uliukataa weupe? — aliuliza Benadeta polepole.

— Nilidhani nikiongeza watu kwenye jalada, labda mmoja wao atajua. Weupe ule ulinitisha. Kila nikiuangalia naona kurasa ambazo sijachora. Na amwani… nikitafuna, ndiyo nimekubali kwamba kazi imekwisha. Haijaisha.

Ayebare alirudi kwenye baiskeli yake, akakaza kamba ya dumu.

— Kwetu akipotea kwenye ukungu hatumfuati, — alisema. — Tunasimama tulipo, tunamwita kwa jina, tunasubiri. Akitaka atarudi. Haya, jioni njema.

Akapanda, ukungu ukamchukua, ikabaki kengele tu ikilia kuelekea mteremko, mara ikapotea.

Benadeta alilitikisa birika. Lilikuwa tupu. Alikung'uta kikapu, hamkuwa na amwani hata moja.

Nestory aliingiza mkono mfukoni. Akatoa punje ile, imekauka, ina vumbi la mfuko na uzi mmoja wa suruali. Akaipuliza, akaitia mdomoni, akatafuna mbele yao wote kwa muda mrefu, maana ilikuwa ngumu.

— Usiongeze kitu, — alimwambia Anatory. — Liache hivyo hivyo.

Anatory alivuka barabara, akang'oa misumari mmoja mmoja, akaikunja manila kwa uangalifu, akarudi nayo imekumbatiwa kifuani. Alihisi huruma, ila huruma haikuwa kwenye mapatano.

— Sikiliza, bwana mdogo. Kila atakayeliona jalada hili atataka kujua kama alirudi. Hiyo ni ahadi, na nimeiweka kwa mkono wangu mimi, si wako. Kwa hiyo sasa una madeni mawili. — Akanyoosha kiganja. — Elfu arobaini na tano, na ukurasa wa mwisho. Jumamosi, kwenye ubao huu. Vyote viwili.