Bi Mwatima Anakwenda Kuaga

Miaka thelathini na mitatu si mchezo! Tarehe 31 Julai, 2019, Bi Mwatima Msabaha anastaafu uratibu wa safari katika Mfuko wetu, unaowasaidia wanafunzi wa London kwenda Afrika Mashariki kujifunza utamaduni wa wazee wao. Sisi wenziwe tunaobaki hapa ofisini Thornton Heath tumeshaanza kugombea kiti chake cha karibu na hita.

Alianza mwaka 1986, peke yake, na simu moja. Aliwahangaikia watoto pasipoti na visa, akawafundisha kula kwa mkono bila kuchafua mkeka, na mtoto akimjibu kwa Kiingereza, alijifanya kiziwi mpaka abadilishe lugha. Leo baadhi yao ni madaktari na walimu, na bado wanamuogopa.

Sharti lake kubwa lilikuwa kuaga. Hapandi ndege mtu mpaka azunguke kwa wazee wote waliomfadhili, mlango kwa mlango, Tooting hadi Kenton, aombewe dua. Mwaka mmoja mwanafunzi wetu Nasim alimuaga Mzee Praful, mwenye duka la viungo Tooting, kwa ujumbe wa simu tu. Lahaula! Bi Mwatima alipojua, tulikuwa tumeshashika njia ya uwanja wa ndege. Aligeuza basi zima, mizigo na watu, tukashuka sote dukani kuaga upya. Mzee Praful alicheka hadi machozi, akatujazia mifuko ya chevda ya kutafuna njiani, na ndege tuliiwahi kwa kukimbia.

Tulidhani ni ukali tu, kumbe mwenzetu ana lake moyoni. Mwaka 1972, akiwa msichana, aliondoshwa Pemba kwa siri pamoja na mjomba wake, bila kumuaga dada yake mkubwa, Bi Ummukulthum. Dada huyo, aliyebaki Wete huko huko Pemba, kila mwaka huwapikia wanafunzi wetu, lakini salamu za mdogo wake hakuwahi kuzijibu. Na Bi Mwatima, aliyewasafirisha watoto wa watu miaka yote hiyo, mwenyewe hakwenda hata mara moja. Aliogopa kufika asipokelewe. Jamani, ilituuma.

Pasaka iliyopita Nasim, sasa mwalimu, aliongoza wanafunzi hadi Wete, akamsimulia Bi Ummukulthum kisa cha basi. Bibi alicheka sana. Akauliza huyo Mwatima atakuja lini kuaga, maana yeye anamsubiri tangu siku ile.

Basi wiki iliyopita Bi Mwatima alizunguka kwetu sote, kanga mpya mabegani, hakuruka mlango. Ndege yake ni tarehe mosi Agosti.

Ahsante kwa kutulelea watoto, Bi Mwatima. Mungu akupe afya na ustaafu wa raha. Dua zetu unazo, nenda kamuage dada yako. Na ukishamuaga, tafadhali, usiondoke upesi.