Dk. Spesiosa Ndayikunda, Mtafiti wa Sumu ya Muhogo (1955–2003)

Ndugu waombolezaji, poleni kwa jua na vumbi la Gungu, familia imemtuma Selestini, mdogo wa marehemu, ndiye huyu mnayemsikia, asome maisha ya dada yake, kwa kuwa kati ya ndugu wote ni yeye aliyefika Lusaka na Lubumbashi, ingawa alifika huko akiendesha lori la saruji, na kwenye mambo ya vimeng'enya mtamsamehe.

Dada Spesiosa alizaliwa tarehe 3 Februari 1955 Nyanza-Lac, Burundi, akasoma hukohuko, na Mei 1972, mauaji yalipopamba moto, akavuka ziwa kwa mtumbwi hadi Kagunga, upande wa Tanzania, pamoja na mama yake na Selestini wa miaka kumi na miwili, aliyetapika njia nzima, baba yao wakamwacha nyuma na hakuonekana tena. Alimaliza sekondari mjini Kigoma mwaka 1977, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1979, na kati ya 1986 na 1990 alikuwa Ubelgiji, alikopata shahada ya uzamivu ya biokemia, pamoja na maumivu ya magoti.

Tarehe 15 Septemba 1984 alifunga ndoa na Mwalimu Leonardi wa Kidahwe, wakajaliwa Gélase mwaka 1985 na Anatoli mwaka 1991, na miaka yote ya Ubelgiji Mwalimu ndiye aliyemlea Gélase, huku wanakijiji wakimuuliza nani kaolewa.

Mwaka 1995, kambi za wakimbizi zilipofurika, aliacha kufundisha chuoni akarudi Kigoma, kwa sababu kambini watoto walikuwa wanalala wazima na kuamka miguu imekakamaa, isinyooke tena maishani. Chanzo kilikuwa muhogo mchungu uliolowekwa usiku mmoja badala ya siku tatu, sumu yake ikabaki. Alitueleza mara nyingi, ugali ukipoa mezani, kwamba mwilini kuna kimeng'enya cha kuidhoofisha sumu hiyo, lakini hakifanyi kazi bila salfa, na salfa hutoka kwenye asidi amino za dagaa na maharage, vitu ambavyo mkimbizi havioni, nasi tuliitikia kwa vichwa tukila.

Miaka mitano alipima mikojo ya watoto kutafuta sumu hiyo, umeme ukakatika, sampuli zikaoza, akaanza upya, akahimiza siku tatu, kina mama wakajibu "Ndiyo, Daktari", wakaenda kuloweka usiku mmoja, naye akaandika kwenye ripoti kwamba ni wabishi. Agosti 2000 mama mmoja, Arakaza, ambaye binti yake alikuwa ameshalemaa, alichoka kuitikia, akamwambia mbele ya watu, "Daktari, ndoo ninayo moja. Ikikaa na muhogo siku tatu, maji nichotee kofia yako?" Watu walicheka, dada hakucheka. Alirudi nyumbani akakaa bila kuvua viatu, akamwambia mumewe, "Leonardi, miaka mitano napima mikojo, sijawahi kuuliza wana ndoo ngapi."

Kuanzia hapo alizunguka ofisi hadi ofisi akiomba mapipa, mpaka makarani wakawa wanawaficha mabosi wao wakimwona, na mwanzoni mwa 2001 kila kaya kumi zikapata pipa la kulowekea. Kiangazi hicho hakulemaa mtoto mpya, cha 2002 hakulemaa, nasi tukataka kuchinja mbuzi, akakataa, akasema viangazi viwili ni bahati, vitatu ndiyo utafiti.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2002, akalazwa mara tatu, na tarehe 9 Julai 2003, saa nne asubuhi, alifariki dunia, kiangazi cha tatu kikiwa hakijafika hata nusu. Kwa hiyo familia haitasema kwamba alishinda, hakuturuhusu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kusahihishwa na mgonjwa, tunawashukuru majirani, hasa Bi Mwanamvua wa Ujiji, aliyeleta dagaa kila Ijumaa na kukataa kurudi nao. Wafanyakazi wenzake mnaona hawapo hapa, msiwalaumu, leo ni siku ya kupima watoto, na mwenyewe aliagiza kwamba mazishi yake yakiangukia siku ya kupima, azikwe na wasio na kazi. Ndio sisi.

Matokeo hatuna bado, dada. Pumzika hivyohivyo, kwa amani.