Seva Iliyolala Siku ya Zamu ya Maji

Sopa, watu wa Mungu! Mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu, kazi yangu ni kompyuta, kwa hivyo mkiniona nababaika mnivumilie.

Mnajua ile programu ya kisima. Unaangalia kwa simu kama pampu inafanya kazi na ni zamu ya boma gani, ndipo unatoa ng'ombe. Niliitengeneza mimi, nikiwa nimekaa mjini Kitengela. Sasa, programu lazima ikae kwa seva, yaani kompyuta kubwa, za kampuni fulani ndiyo iwafikie. Nikachukua ile ya bure wenzangu walikuwa wanasifu. Sikulinganisha na ingine yoyote. Ndugu zangu, nawaambia, kilikuwa kiburi tu.

Seva ya bure isipotumiwa kwa muda, inalala. Watu wa mjini hawajui hiyo shida, wanabonyeza kutwa. Lakini ninyi mnaifungua asubuhi ya zamu pekee. Mnaikuta imelala, na kabla iamke, network imekatika.

Kiangazi kilichopita, mama mmoja alibonyeza, na kwa vile seva imelala, simu ikamwonyesha habari ya jana iliyobaki ndani yake: pampu iko sawa. Akatembeza ng'ombe kutoka kule barabara ya Magadi. Alipofika, pampu ilikuwa imeharibika. Ng'ombe wake mwenye mimba akaanguka pale pale, hakuinuka tena.

Niliona aibu mpaka nikataka kuifuta yote. Mama huyo akanipigia simu. Nikangoja matusi.

"Mwanangu," akasema, "hiyo kitu yako umewahi kuijaribu ukiwa huku kwetu?"

Sikuwa nimewahi. Hata siku moja!

Nikaenda. Nikaweka programu kwa kampuni tatu, nikashinda kisimani wiki nzima na simu ya huyo mama, ile ya kioo kilichopasuka. Ya kwanza ililala vile vile. Ya pili ilikuwa macho, lakini seva zake ziko mbali ng'ambo, ikazunguka tu. Ya tatu, ambayo hakuna mtu aliwahi kunisifia, ikafunguka haraka. Hiyo ndiyo nikachukua. Na siku hizi ikikosa habari mpya, inasema haijui.

Nawashukuru wazee wa kisima walionivumilia, na familia iliyonilaza. Vijana wenzangu, chombo kipimieni mikononi mwa atakayekitumia.

Ng'ombe yule sikuweza kumrudisha. Lakini leo ilikuwa zamu ya huyo mama. Alibonyeza asubuhi, akaona pampu inatengenezwa, akaacha mifugo bomani. Ndiyo maana mnamwona ameketi hapa na sisi.